Mwonjaji wa Kahawa kwa Jina la Mama

Mathenge wa Theuri hanywi kahawa. Asubuhi ni chai ya maziwa, saa nne chai ya maziwa, na jioni akirudi nyumbani kwake karibu na Giakanja, mkewe humtilia tena chai ya maziwa. Hilo si ajabu. Watu wa Tetu wamelima kahawa tangu enzi za babu zao na wengi wao hawajui ina ladha gani. Kahawa ni ya kuuza, chai ndiyo ya kunywa. Ajabu ni kwamba huyu asiyekunywa ndiye anayeijua ladha yake kuliko mtu mwingine yeyote pande zile, analipwa kwa kuijua, na malipo hayo ndiyo yaliyomfikisha mama yake mzee kwenye dirisha la ofisi ya kodi mjini Nyeri, kalamu mkononi.

Siku za kazi Mathenge ni fundi wa maabara katika shule moja ya wasichana. Miaka kumi na mitatu sasa anapanga chupa, anapima kemikali, anaosha kilichoachwa na mwalimu wa kemia, na wasichana wamembandika jina la Asidi ingawa ni mtu mpole asiyeweza kumfokea hata kuku. Mshahara wake hutoka kwa bodi ya shule, elfu thelathini na nane kwa mwezi, kodi ikiwa imekwisha kukatwa kabla haujamfikia. Kila Juni hupewa karatasi ya P9 inayoonyesha alicholipwa na alichokatwa, huipeleka saiba, kwenye duka la kompyuta, hutoa mia mbili, ritani yake ya kodi ya mwaka ikajazwa, na yeye na serikali wakaachana kwa amani mpaka mwaka ujao.

Kazi ya pili ilimjia bila kuitafuta. Shule iliwapeleka wanafunzi wa kilimo kutembelea kiwanda kidogo cha kukoboa kahawa kwenye barabara ya Karatina, mali ya bwana mmoja aitwaye Nirav, ambaye jamaa zake wamefanya biashara Nyeri kwa vizazi vitatu. Mathenge alikuwa ameenda kuwahesabu wasichana tu, wasipotee. Wakaingizwa chumba cha kuonjea, vikombe vimepangwa mezani safu mbili, na Nirav akasema anayetaka ajaribu. Wasichana walicheka, wakaonja, wakakunja nyuso. Mathenge alichukua kijiko, akaivuta kahawa kwa kelele kama alivyoonyeshwa, akaitema kwenye ndoo, akaenda kikombe cha pili, akaenda cha tatu, kisha akarudi cha pili.

"Hii ililala kwa tangi," akasema. "Kama siku moja zaidi."

Nirav alicheka. Halafu akaenda kando akapiga simu kwa chama cha ushirika ilikotoka kahawa ile, na aliporudi hakuwa anacheka tena. Kweli pampu ya maji ilikuwa imeharibika, na kahawa ikalala kwenye tangi la kuchachushia siku moja zaidi.

"Wewe uko na ulimi ya pesa na hujui," akamwambia. "Jumamosi huwa unafanya nini?"

Ndivyo Jumamosi na siku za likizo Mathenge alivyogeuka mwonjaji. Si kazi ya mzaha. Siku ya kuonja hagusi kitunguu wala hajipaki mafuta yenye harufu. Mezani hungoja vikombe sitini, wakati mwingine themanini, na kila kimoja huonjwa mara tatu: kikiwa moto, kikiwa vuguvugu, kikiwa kimepoa. Alama anazoandika ndizo zinazoamua bei, kwa hiyo wako watu ambao wangependa sana kumnunulia nyama choma. Lakini Mathenge hapendelei. Mwaka wa pili ililetwa kahawa ya ushirika wa mama yake mwenyewe, miti yake mia mbili ikiwemo, akaipa alama za chini kwa sababu ilistahili za chini. Malipo yalipotoka, mama yake, Murugi, alimnunia siku tatu. Siku ya nne akamwambia, "Ukionja, onja tu. Usinionjee mimi." Kisha akaenda kuwasimulia wanawake wa kanisani kwamba mwanawe hahongeki hata na mamake.

Sasa mtu wa namna hiyo aliingiaje kwenye uongo? Aliingia kwa mlango wa woga, kama wengi wetu tunavyoingia.

Mwanzoni Nirav alikuwa akimpa bahasha ya pesa kidogo ya nauli na shukrani. Kazi ilipoongezeka akamwambia sasa iwe mkataba wa maandishi, malipo ya maana, na alete namba yake ya kodi, ile PIN. Wiki hiyo hiyo mwalimu mkuu alikuwa amemfuta kazi mtunza shamba wa shule kwa kukutwa akifanya kibarua kwingine, na mkutanoni akawakazia macho wafanyakazi wote akasema, "Hapa hatuajiri nusu mtu." Mathenge alirudi nyumbani na maneno hayo kichwani. Aliona namba yake ikiandikwa mahali pawili, aliona kompyuta ya serikali ikiiambia kompyuta ya shule, aliona barua. Kompyuta hizo hazina uhusiano huo, lakini mwenye woga haulizi.

Ndipo akaikumbuka namba ya mama. Tangu baba yao afariki, hati zote za Murugi zilikaa kwake, yeye mtoto wa kwanza: kitambulisho alikitolea nakala, namba ya kodi alimfungulia yeye, na hata kadi ya akaunti ya sacco ilikuwa kwake kwa sababu Murugi haipendi mashine ya benki. Pesa za kahawa kuingia kwa mwanamke wa Tetu mwenye miti mia mbili, ni nani angeshangaa? Mahali pengine popote duniani hila hiyo ingenuka. Kwetu ilionekana safi kabisa.

"Andika jina ya mama," akamwambia Nirav. "Ni pesa ya familia."

Nirav hakuona neno. Duka lao la mjini bado limeandikwa jina la mama yake, Rasila, mwenye miaka themanini na mbili, ambaye hajasimama kaunta tangu wateja walipokuwa wakilipa kwa sarafu. Akaandika Murugi.

Tusimhukumu Mathenge haraka, lakini pia tusimpambe. Woga ndio uliompeleka pale. Utamu ndio uliombakisha. Mwaka mzuri ulimwingizia karibu laki nne na nusu. Alisomesha watoto, akaezeka upya nyumba ya mama, akamnunulia tangi la maji. Kiwanda kilikata asilimia tano ya kila malipo na kuipeleka kwa serikali kwa namba ya Murugi, na Mathenge akajituliza kwa neno moja ambalo nimelisikia kwa watu wengi wa vibarua: wameshakata. Wameshakata, basi yamekwisha. Juni ikifika alipeleka P9 yake ya shule saiba, akatoa mia mbili. Ritani ya Murugi haikujazwa hata mara moja kwa miaka mitatu, na notisi zilizotumwa zilikwenda kwenye barua pepe ambayo Mathenge aliifungua siku ya kusajili namba ile akasahau neno la siri.

Yangeendelea hivyo kama Murugi hangeamua kugawa shamba akiwa hai. Binti yake Shiku alikuwa amerudi kutoka Endarasha na watoto wawili, ndoa imemshinda, analala chumba cha nyuma kwa mama. Kuna wazee wa ukoo waliokuwa wameanza kuuliza binti aliyeolewa anarudi kufanya nini. Murugi akasema atamwandikia nusu ekari yake mwenyewe, kwa hati, ili akifa pasitokee mtu wa kumwambia Shiku ahame. Mathenge alikubali kwa moyo mmoja, akatoa hata pesa ya mpima ardhi. Kilichobaki kilikuwa ushuru wa uhamisho na karatasi za kodi, jambo dogo. Shiku akamchukua mama wakapanda mjini tarehe kumi na mbili Juni.

Jioni ile Shiku akampigia kaka yake simu.

"Mathenge, leo tulikuwa KRA, kwa watu wa kodi, na mama."

"Kufanya nini?"

"Si ile mambo ya shamba. Sasa sikiliza. Ati mama ni mwonjaji wa kahawa. Ati amelipwa zaidi ya milioni moja kwa miaka tatu na hajawahi jaza ritani. Mimi nikafungua mdomo niambie yule afisa wameingiza mtu mwingine. Mama akanifinya paja, aki, mpaka sahii iko na alama. Akasema, 'Ni mimi.'"

Sufuria ilikuwa ikichemka jikoni na mkewe akamuuliza kwa mkono, ni nani.

"Alisema ni yeye, Mathenge. Mtu hajawahi weka kahawa kwa mdomo. Amepewa wiki mbili, arudi aweke sahihi ya kukubali deni na alipe kidogo kidogo. Na deni ikiwa hapo shamba yangu haiendi popote. Alinikataza nisikwambie. Mimi nakwambia." Akavuta pumzi. "Jina ya mama iko na deni kwa serikali. Na hiyo jina ndio uliita mtoto wako."

Simu ikakatika. Binti wa kwanza wa Mathenge, kwa desturi yetu, amepewa jina la mama wa baba. Ni Murugi vilevile, ana miaka tisa, na baba yake humwita Mami. Usiku ule alipokuja kumwonyesha hesabu za shule, Mathenge alishindwa kumtazama usoni.

Kesho yake, kabla ya kitu kingine, alikwenda kiwandani. Vitabu vya kiwanda viko mikononi mwa Roshni, mke wa Nirav, mwanamke wa maneno machache anayejua sheria za kodi kama wengine wanavyojua Zaburi. Mathenge akamweleza yote, akitazama sakafu. Akamwuliza deni litakuwa kiasi gani likirudi kwa mwenyewe.

Roshni alipiga hesabu kwenye karatasi. "Laki tatu na nusu, karibu. Na faini itasukuma mbele kidogo."

"Si mmeshakata?"

"Tulikata tano kwa mia. Hiyo ni ya kuanzia tu, Mathenge, sio ya kumaliza. Mshahara yako ya shule imeshakula ile sehemu ya kodi ndogo. Hii ya kahawa inapanda juu ya mshahara, kwa hivyo yote inakatwa thelathini kwa mia. Ulikuwa unafaa kuandika zote mbili kwa ritani moja, kila mwaka."

"Na ikibaki kwa mama?"

Roshni akaigeuza karatasi akapiga hesabu tena. "Mama hana mshahara. Anaanzia chini kabisa. Elfu themanini na kitu, na faini ndani."

Laki tatu na nusu, au elfu themanini. Mathenge aliona tofauti hiyo imesimama mezani, nene, ikimtabasamia.

"Lakini mama hajawahi kuonja," Roshni akasema, akikunja karatasi. "Sisi pia tulikosea kukubali. Ukiamua kusema, nitarekebisha vyeti vyote siku moja. Bila wewe kusema siwezi."

Ukitaka kujua shetani anavyofanya kazi, usimtafute kwenye mambo ya kutisha. Humjia mtu mwema na mpango mzuri. Njia nzima kurudi shuleni Mathenge aliupanga wake. Mama amekwisha kusema ni yeye. Basi abaki kuwa yeye. Mathenge atakopa elfu themanini sacco, ampe mama, mama alipe, namba isafishwe, Shiku apate nusu ekari yake, mwalimu mkuu asijue lolote. Hakuna atakayepoteza hata shilingi ila Mathenge, na serikali ni kubwa, haitalia. Kila upande alioutazamia mpango huo ulimpendeza, isipokuwa mmoja, na upande huo hakuutazama.

Jumapili baada ya kanisa alikwenda kwa mama yake na bahasha kifuani. Baridi ya Juni ilikuwa imeshuka, ule ukungu wenye manyunyu unaokaa mpaka saa saba mchana. Murugi alikuwa zizini, gambuti miguuni, akimkamua ng'ombe wake wa Friesian, mnyama mkubwa mpole ambaye maziwa yake ndiyo matumizi ya nyumba ile. Kando ya zizi alisimama mtu mgeni mwenye fimbo, akimkagua ng'ombe miguu na kiwele. Mathenge akamsalimu. Mtu yule akamwambia Murugi kwamba Ijumaa ya tarehe ishirini na saba atakuja na gari, akaondoka.

"Unauza ng'ombe, mama?"

"Nimechoka kukata nyasi," Murugi akasema, bila kugeuka.

Mwanamke huyo hajawahi kuchoka kukata nyasi. Alikata nyasi akiwa na mimba ya Shiku mpaka siku ya kujifungua, alikata nyasi wiki ya mazishi ya mumewe. Mathenge alisimama pale, viatu vya kanisa vikizama kwenye tope.

Waliingia ndani, akatiliwa chai. Shiku alichukua watoto wake akatoka nao nje katika manyunyu yale, jambo ambalo kwa kawaida asingelifanya. Mathenge akaitoa bahasha akaiweka mezani, karibu na birika.

"Nini hii?"

"Elfu themanini. Ya kusaidia."

"Kusaidia nini?"

"Ile... ya shamba ya Shiku. Ukiwa na shida yoyote."

Murugi aliitazama bahasha, hakuigusa. Ana mikono yenye mishipa ya mtu aliyechuma kahawa miaka hamsini, na aliikunja mapajani. "Mimi niko na deni, Mathenge. Pengine umesikia. Deni ni yangu, nitalipa. Sasa wewe unanipea pesa ya nini?"

Mlango ulikuwa wazi hapo, wazi kabisa. Mama yake alikuwa ameufungua mwenyewe na kusimama kando. Ilikuwa ni Mathenge kusema maneno matatu tu, na alikuwa nayo mdomoni. Aliyaonja, nathubutu kusema, yakiwa moto na yakiwa vuguvugu. Lakini alimwona mwalimu mkuu, akaiona laki tatu na nusu, akaona na jambo jingine zito kuliko yote mawili: uso wa mama yake ukibadilika akishasikia. Mtu anaweza kubeba deni. Ule uso hakujua angeubeba vipi.

"Mtoto anaweza saidia mama," akasema.

"Anaweza," Murugi akakubali. Akamsukumia bahasha. "Kunywa chai, itapoa."

Siku zilizofuata Mathenge aliishi vibaya. Jumamosi alikwenda kuonja, na kwa mara ya kwanza akampa Nirav karatasi isiyo na alama, akasema leo haoni ladha. Na kweli hakuiona: vikombe sabini na vyote vilikuwa maji ya moto. Nirav hakuuliza, alimtuma nyumbani na kumlipa siku nzima, jambo ambalo lilimchoma zaidi. Shuleni alivunja mabomba mawili ya kupimia. Mkewe, aliyekuwa ameambiwa sasa, alimwambia neno moja tu kitandani, kwamba hata wao wakiuza pikipiki na kula mboga ya sukuma mwaka mzima hawatakufa, kisha akampa mgongo.

Tarehe ishirini na sita, wiki mbili alizopewa mama zikitimia, ilikuwa Alhamisi. Mathenge alimwambia naibu wa mwalimu mkuu anaenda mjini kuulizia bei ya kemikali, uongo mwingine juu ya lundo lile, akaingia Nyeri saa tatu na nusu. Ni wiki ya mwisho ya Juni, na wanaoishi nchi hii wanajua ofisi ya kodi inavyokuwa wiki ya mwisho ya Juni. Kila mtu aliyekuwa na miezi sita ya kujaza ritani amekuja siku zile nne za mwisho. Foleni ilianzia mlangoni: walimu, wenye maduka, mapadre wawili, wenye boda. Na katikati ya foleni, faili kifuani na miwani kwenye paji la uso, ameketi Bi. Ngendo, mhasibu wa shule, anayeandaa mishahara yao, anayekula chakula cha mchana meza moja na mwalimu mkuu.

"Asidi, hata wewe?" akamwita kwa furaha. "Kuja ukae hapa, nimekuwekea nafasi."

Mathenge alimpungia mkono, akabaki aliposimama. Aliona kila kitu kutoka pale mlangoni. Dirisha la tatu, chini ya saa ya ukutani, mama yake ameketi na koti lake la kanisa, Shiku nyuma yake. Afisa, mwanamume wa makamo aliyeandikwa Mwai kifuani, alikuwa akimweleza kwa upole, akimwonyesha kwa kidole pa kuandika. Mathenge hakusikia maneno. Aliona tu karatasi ikigeuzwa, kalamu ikitolewa, na mama yake akiivua glavu ya mkono wa kulia.

Murugi alijifunza kuandika jina lake ukubwani, katika darasa la watu wazima, akiwa na miaka arobaini na tano. Huliandika polepole, herufi moja moja, ulimi ukiwa umechungulia pembeni mwa mdomo. Mathenge alikuwa amemwona akiandika hivyo mara nyingi: kwenye kitabu cha ushirika, kwenye ripoti zake za shule, kwenye cheti cha mazishi ya baba. Hakuwahi kuandika jina hilo chini ya uongo. Sasa mkono ulishuka kwenye karatasi.

Waliokuwepo wanasema alitembea; yeye anadhani alikimbia. Alipita foleni nzima, akampita Bi. Ngendo, mtu mmoja akalalamika kuwa wenzake wamefika tangu saa kumi na mbili, akafika dirishani akaweka kiganja juu ya karatasi, juu ya mkono wa mama yake na kalamu yake.

"Usiandike, mama," akasema. Kisha kwa afisa, na sauti ikamtoka kubwa kuliko alivyokusudia, ikafika mpaka mlangoni: "Mwonjaji ni mimi. Mathenge Theuri. Nafanya kazi ya shule na nafanya ya kahawa, miaka tatu. Namba nilitoa ya mama bila kumwambia. Hajawahi kula hata shilingi akijua imetoka wapi. Deni ni yangu yote."

Nyuma yake alisikia kiti cha Bi. Ngendo kikisogea. Barua ya onyo ilimfikia wiki iliyofuata, na ruhusa ya maandishi ya kufanya kazi ya Jumamosi ilimfikia mwezi baadaye, baada ya mwalimu mkuu kumwacha ajipike kwa mafuta yake mwenyewe. Na deni alipangiwa kulilipa kwa miaka miwili, elfu kumi na sita kila mwezi, ambalo bado analilipa. Lakini hayo yote yalikuwa mbele. Pale dirishani alijua tu kwamba amejivua nguo mbele ya mji, na kwamba mama yake hajainua macho.

Afisa Mwai alimtazama Mathenge, akatazama skrini, akamtazama Murugi. Alikuwa na uso wa mtu anayeona mambo mengi kila Juni na hili halijawahi kuwemo.

"Shosho," akasema, "si wiki mbili zilizopita uliniambia hapa hapa ni wewe?"

Murugi aliutoa mkono wake taratibu chini ya kiganja cha mwanawe. Kwenye karatasi kulikuwa na herufi mbili tu, M na u. Akafunika kalamu, akamrudishia afisa, akavaa glavu yake kidole kwa kidole. Ndipo akageuka akamtazama Mathenge usoni, macho yamejaa maji na mdomo umekazana, kama alivyomtazama alipokuwa mtoto na amechelewa kurudi nyumbani.

"Nilikuambia hivyo, ndiyo," akamjibu afisa, bila kumwachia mwanawe macho. "Nilikuwa namngoja. Amechukua siku kumi na nne."